Kwaya ya vijana na jazi: nota ni sahihi, lakini mwendo unabaki wa nyimbo za ibada

Mwalimu wa Kilimanjaro:
Tumsifu Yesu Kristo, walimu wenzangu. Ninafundisha kwaya ya vijana 28 wenye umri wa miaka 13 hadi 19, na katikati ya Novemba tunatarajia kuimba katika tamasha la jazi kwenye ukumbi wa parokia, tukisindikizwa na kinanda, gitaa la besi na dramu. Tumechagua A Little Jazz Mass, misa ya Kilatini ya mtunzi Mwingereza Bob Chilcott, iliyotungwa mwaka 2004 kwa ajili ya tamasha la kwaya za watoto huko New Orleans, na tunatumia toleo la sauti nne. Niliichagua kwa sababu maneno ya sehemu zake tano, kuanzia Kyrie hadi Agnus Dei, vijana wanayajua tangu zamani, na sikutaka wapambane na maneno mageni na mtindo mgeni kwa wakati mmoja. Nimewaandikia solfa, yaani nota za herufi (do, re, mi), kama walivyozoea.

Baada ya wiki tano nota zimekaa na sauti zinapatana, lakini kila anayetusikiliza anasikia wimbo wa ibada uliochangamshwa kidogo. Nikiwaambia wachangamke, wanaongeza kasi. Nikiwaambia watulie, wanaburuta. Zimebaki wiki sita. Ninakosea wapi?

Sauti ya Pili:
Milele amina, Mwalimu. Naamini kikwazo kipo kwenye karatasi uliyowapa. Katika solfa, nukta inayokaa katikati ya pigo hulikata pigo hilo vipande viwili vilivyo sawa, na kijana aliyefundishwa solfa tangu akiwa katika Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, huitii nukta hiyo kwa uaminifu mkubwa. Mwendo wa swingi, ule unaoitambulisha jazi, haugawi pigo namna hiyo. Kipande cha kwanza hurefuka na cha pili hufupika, kana kwamba pigo limegawanywa mara tatu na nota ya kwanza ikachukua mafungu mawili, na kadiri wimbo unavyokwenda kasi ndivyo tofauti hiyo inavyopungua. Hata katika nota za mistari vipande hivyo huandikwa vikiwa sawa, na mwimbaji hutarajiwa kujua mwenyewe. Si kila sehemu ya jazi huimbwa kwa swingi, kwa hiyo soma kwanza maelekezo ya mtunzi mwanzoni mwa kila sehemu.

Weka karatasi pembeni kwa wiki nzima. Wasimame, wakanyage mguu kwenye pigo la kwanza na la tatu, wapige makofi kwenye la pili na la nne, kisha wayatamke maneno bila kuyaimba. Katika kwaya yangu kijana mmoja wa besi alikuwa akipiga makofi kwenye kila pigo na kuniambia kwamba mikono yake haina pa kupumzika. Nilimwomba aligonge paja lake kwenye pigo la kwanza na la tatu, ili mikono iwe na kazi wakati wa kungoja, na jioni ya pili alikuwa amelishika. Pigo lenye mafungu matatu si geni kwao hata kidogo, kwani limo katika ngoma nyingi za kwetu. Mwite kijana anayepiga ngoma wakati wa kutoa sadaka, apige polepole, nao watamke maneno juu ya mapigo hayo.

Mpenda Kilatini:
Nakubaliana na dada Sauti ya Pili, ila naona kuna kosa lingine ambalo makofi peke yake hayataliondoa. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huubeba mkazo huo mpaka kwenye Kilatini. Vijana watatamka "gloRIa" na "homiNIbus", ilhali inatakiwa "GLOria" na "hoMInibus". Na "pax" itazaa irabu mwishoni, iwe "paksi". Katika wimbo wa ibada uendao taratibu kosa hilo hujificha, lakini katika jazi silabi iliyokosewa huangukia mahali ambapo dramu na besi wanasubiri nyingine, na wimbo mzima hupoteza mwelekeo.

Jambo la pili ni nota za bluzi, ambazo utazikuta zaidi katika Agnus Dei. Ni mi na ti zilizoshushwa, yaani ma na ta za solfa. Waimbaji wetu huziogopa na kuzipandisha bila kujua, hasa sauti ya kwanza. Mruhusu kijana ashuke kutoka mi hadi ma polepole, mara nyingi, huku kinanda kikishikilia kodi ileile (nota kadhaa zinazolia pamoja), mpaka sikio lake lizoee ule msuguano. Waombe pia wapunguze mtetemo wa sauti, kwa sababu kodi zenye nota ya saba na ya tisa husikika vizuri pale tu ambapo kila sauti imenyooka.

Mpiga Besi:
Mimi si mwalimu wa kwaya, ila nimesindikiza kwaya nyingi. Usimlete mpiga dramu katika wiki ya mwisho. Aje mapema, atumie brashi badala ya fimbo, na besi iwekwe karibu na waimbaji, kwa maana katika kumbi zenye mwangwi kwaya iliyo mbali na besi huimba ikiwa imechelewa. Unapowaanzishia, hesabu baa mbili, yaani mafungu mawili ya mapigo manne, huku ukidata vidole kwenye pigo la pili na la nne.

Waelezeni pia wazazi watakaokuja. Kwa wazee wetu neno jazi ni jina la bendi za dansi, kama vile Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz, ambazo muziki wao ulikuwa wa magitaa na wa kuchezwa. Maelezo mafupi kabla ya Kyrie yatawasaidia wasikae wakingoja rumba.

Mwalimu wa Kilimanjaro:
Nawashukuru sana. Jumamosi tuliacha karatasi mezani na kutamka Gloria kwa saa nzima bila kuimba nota hata moja. Mwanzoni sauti ya kwanza walicheka, lakini tulipolisahihisha neno "hominibus", waimbaji wa besi walianza kuyumbisha miili yao bila kuambiwa, na nilipoongeza kinanda hawakukimbia tena. Agnus Dei bado, kwa sababu ma inapanda kila tunapoongeza sauti, kwa hiyo wiki hii tutaifanyia mazoezi kwa sauti ya chini. Mpiga dramu nimemwomba aje Alhamisi, na brashi anazo.