Ushauri: dawa ya antibayotiki ikishaoshwa kwenye mzizi wa jino, nguvu yake inabaki?

Tabibu wa Meno, Wete
Assalaam alaykum wakubwa zangu. Nina mtoto wa miaka 9 kutoka Kojani. Jino la mbele la juu limekufa baada ya kuanguka, mzizi haujakomaa, ncha iko wazi. Nataka kumwekea mchanganyiko wa antibayotiki, kisha niamshe damu mzizi uendelee kukua. Wazee wake wanakwenda dago (kambi ya uvuvi), watarudi baada ya wiki 5. Dawa ikishaoshwa, ukuta wa mzizi unaendelea kuua bakteria? Na niichanganye nzito kiasi gani? Minosaiklini, dawa ya tatu ya mchanganyiko huo, sina; ninayo doksisaiklini.

Dokta Mizizi, Unguja
Waalaykum salaam. Ikiwekwa nzito, inabaki. Dentini, yaani tabaka gumu la ukuta wa mzizi, ina vijitundu vingi, dawa inajificha humo, na tetrasaiklini (jamii ya minosaiklini) hushikana na kalsiamu ya jino. Kalsiamu haidroksaidi, dawa nyingine ya kuwekwa ndani ya mzizi, haina tabia hiyo: inaua kwa ukali wa alkali, pH karibu 12.5, ikishaoshwa dentini inauzima.

Ila kushikana huko huko ndiko kunakolitia jino rangi ya kijivu. Doksisaiklini nayo ni tetrasaiklini, iache. Tumia siprofloksasini na metronidazoli tu.

Mfamasia, Chake
Ukichanganya unga na matone machache ya maji mpaka uwe uji mzito, unakaribia 1 g/ml. Kiwango hicho kinaua seli changa za kwenye ncha, zile zile unazozitegemea. Lenga 1 mg/ml kwa kila dawa.

Kwangua ganda la kidonge, saga, chekecha. Tahadhari: kidonge cha 500 mg kina uzito zaidi ya huo kwa sababu ya vijazio. Kikiwa 750 mg bila ganda, basi 150 mg za unga ndizo zenye 100 mg za dawa. Metronidazoli ipigie hesabu yake. Tia 100 mg za kila dawa kwenye 100 ml za maji yaliyotoneshwa, kisha methiliselulosi (unga wa kukazia) kama 8 g huku unakoroga, mpaka iwe jeli. Uliza mzio kwanza.

Tabibu wa Meno, Wete
Ahsanteni. Kwa hiyo nikiweka nyepesi, nguvu ya kubaki naipoteza?

Dokta Mizizi, Unguja
Sehemu kubwa, ndiyo, na mimi nakubali kuipoteza. Mtoto huyu atalindwa na usafi na kizibo.

Osha kwa hipokloraiti (dawa ya kuua vijidudu) 1.5%, 20 ml kwa dakika 5, sindano yenye tundu la ubavuni, isimame 1 mm kabla ya ncha. Ukiisukuma ikapita ncha, uso utavimba vibaya. Kisha maji ya chumvi. Usikwangue kuta, ni nyembamba. Jeli ibaki chini ya shingo ya jino.

Kawaida dawa hukaa wiki 1 hadi 4. Kwa wiki 5 hatari kubwa ni kizibo kulika: weka cha muda, juu yake glasi ayonoma (saruji ya meno), jumla 3 hadi 4 mm. Kikivuja, mate yanaingia na jeli nyepesi haitoyaweza.

Akirudi, kama usaha au uvimbe upo, rudia dawa. Kama pakavu, piga ganzi ya mepivakeini 3% isiyo na adrenalini ili damu ipande, osha kwa EDTA 17% (kemikali inayoondoa kalsiamu ya juu ya dentini), kisha chokoza tishu 2 mm nje ya ncha.

Mfamasia, Chake
Na wazee waambiwe kabla hawajapanda chombo: mtoto akivimba uso au akipata homa, wasisubiri dago liishe, wampeleke kituo cha afya kilicho karibu.