Tupeane uzoefu wa mikrodemabrasheni, yaani kusuguliwa uso kwa mashine, hapa Dodoma

Mwanzisha mada, Ilazo
Ndugu zangu, habari za jioni. Chunusi zangu zilipona zamani, lakini zimeniachia madoa meusi na vishimo mashavuni, na saluni moja ya jirani imenishauri nifanyiwe mikrodemabrasheni. Nimeahidiwa kwamba nitatoka na uso mpya, maneno ambayo kwangu yana harufu ya biashara kuliko tiba. Naomba waliokwisha kufanyiwa wanieleze mashine hiyo inafanya nini hasa, inauma kiasi gani, na siku zinazofuata mtu anaishije na jua na vumbi letu.

Mchangiaji, Kisasa
Dada, karibu. Mimi nilisafishwa uso kwanza, kisha mhudumu akapitisha juu ya ngozi kifaa chenye ncha ya chembe za almasi, ambacho husugua na wakati huohuo huvuta, hivyo ngozi iliyokufa huingia kwenye kichujio badala ya kubaki usoni. Zipo pia mashine zinazorusha fuwele ndogo za oksidi ya alumini. Ukikutana nazo, hakikisha macho yamefunikwa vizuri. Sikuchomwa ganzi wala sikuihitaji, kwa sababu nilichohisi ni mkwaruzo kama wa ulimi wa paka, na kazi nzima haikufika saa moja.

Jioni yake uso ulikuwa na joto na umekaza, ingawa kwa weusi wangu wekundu haukuonekana sana, na baadaye ukaanza kutoa maganda membamba. Ilikuwa kiangazi, upepo wa Julai mnaujua, kwa hiyo nilijipaka mafuta mazito yasiyo na manukato asubuhi na usiku. Niliporudia matibabu kwa awamu, kila mara baada ya wiki kadhaa, ngozi ililainika na madoa yakafifia taratibu. Vishimo, dada yangu, viko palepale. Mashine hii hugusa tabaka la juu kabisa la ngozi, ilhali kovu lililozama lina mizizi chini zaidi, na yeyote anayekuahidi kulifuta kwa njia hii anakuuzia maneno.

Mchangiaji, Nkuhungu
Mimi ni mwanamume mwenye vipele vya ndevu. Nilirudishwa mlangoni, nikaambiwa vipele vikiwa vimevimba havisuguliwi, vitibiwe kwanza. Nilikasirika siku ile, ila walikuwa sahihi.

Mchangiaji, Kongwa
Nitaeleza ya wifi yangu, kwa ridhaa yake. Alikuwa ametumia mkorogo kwa muda mrefu, na saluni aliyokwenda haikumuuliza hata swali moja kuhusu alichokuwa akijipaka. Krimu nyingi za namna hiyo huwa na steroidi kali ambazo hupunguza unene wa ngozi, kwa hiyo usuguaji ambao mwingine angeuona wa kawaida kwake ulileta michubuko, na michubuko ilipopona ikaacha mabaka meusi kuliko madoa aliyotaka kuyaondoa. Nashauri mtu asipoulizwa historia ya ngozi yake, ainuke aondoke, hata kama ameshalipia.

Mchangiaji, muuguzi, Makole
Alichokisema wa Kongwa ndicho kiini cha mada. Ngozi nyeusi ikiumizwa hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi, ndiyo maana hatutaki isuguliwe kwa nguvu. Mwambie mhudumu kama huwa unapata malengelenge ya homa midomoni, kwa kuwa yanaweza kuchokozwa yakarudi. Kama makovu yako huwa yanafura na kukua. Na kama umewahi kumeza dawa ya chunusi iitwayo isotretinoini katika miezi ya karibuni. Krimu za retinoidi, yaani zile za jamii ya vitamini A, husimamishwa siku chache kabla. Binafsi ningeanza kwa daktari wa ngozi hata kama saluni iko karibu zaidi, maana baadhi ya madoa, hasa melasma, yaani mabaka ya kahawia usoni, yanaweza kuzidi yakichokozwa.

Mwanzisha mada, Ilazo
Ahsanteni sana. Kazi yangu ni ya nje, kwenye majengo kule Mtumba. Je, nisubiri masika?

Mchangiaji, muuguzi, Makole
Masika hupunguza vumbi, lakini mwanga unaodhuru ngozi hupenya mawingu, na mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mwanga huo ni mkali kuliko pwani. Chagua siku ambayo itafuatiwa na mapumziko, kisha ukirudi kazini paka losheni ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi, uirudie kila baada ya saa mbili na kila unapotoka jasho, na uvae kofia ya ukingo mpana. Pale panapolazimu helmeti, uliza kama inaruhusiwa kuongezewa ukingo wa kivuli. Kama huwezi kupata nafasi ya kurudia losheni ukiwa kazini, basi ahirisha matibabu haya hadi likizo yako.