Mrejesho: mtoto anasoma ukurasa bila kuutazama

Niliuliza kwa nini mtoto wa mwaka wa kwanza wa msingi, Bukavu (Kongo), anasoma ukurasa mzima macho yakiwa dirishani. Jibu: amekariri.

Kumpima ni rahisi. Funika picha kwa kiganja, asome mstari kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Kisha andika silabi zilezile pembeni, umevuruga mpangilio: mo, ma, mi. Aliyekariri hukwama papo hapo.

Kosa lingine linatoka kwenye lugha mbili. Programu ya serikali inaanza na Kiswahili huku kwetu, Kifaransa kikiwa somo. Shule nyingi za binafsi, lakini, huanza na Kifaransa moja kwa moja. Basi mtoto anakuta “u” ya “kuku” si “u” ya “lune” (mwezi, kwa Kifaransa), na sauti ya “u” ya “kuku” kwa Kifaransa huandikwa “ou”. Muulize mwalimu anafundisha kusoma kwa lugha gani, na nyumbani mshike hiyohiyo kwanza.

Na buletini (ripoti ya alama) isikudanganye, fungua kaye (daftari). Tazama wino mwekundu umesahihisha nini, na kama kazi iliyonakiliwa ubaoni anaweza kuisoma. Dakika kumi jioni zinatosha, akisinzia, funga.