Mrejesho: baada ya sufu kushikamana, sasa nina uzi
Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini sufu niliyoifua nyumbani Moshi (ya kondoo chotara, maana wale wekundu wa Kimasai wana nywele tu) ilishikamana ikawa kama blanketi, nanyi mkanijibu kwamba niliifikicha na kuihamisha ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi. Safari hii niliiloweka sufu nyingine bila kuivuruga katika maji ya sabuni ya nyuzi joto 60, nikayabadilisha mara tatu kwa joto lilelile, hadi mafuta yanayonata vidoleni yakaisha. Kuichana hakukunisumbua. Niliisokota kuelekea kulia, kisha nikaunganisha nyuzi mbili kwa kuzisokota kushoto. Jaribio la awali la kuziunganisha, nikizisokota upande uleule wa kulia, lilijikunja kama waya wa simu ya mezani. Uzi una vinundu, lakini soksi nimeshaianza.