Naombeni ushauri: nina hela ya mechi moja tu ya mpira wa Kimarekani uwanja wa Kinnick msimu huu, nimpeleke kijana wangu ipi?

BabaE_Coralville

Wakuu, poleni na majukumu. Naishi Coralville, Iowa, huu mwaka wa saba. Tulikuja kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Nafanya kazi kiwanda cha nyama, shifti ya usiku, na Jumamosi mara nyingi tunaitwa kuongeza saa.

Kijana wangu ana miaka 15. Amekulia kwenye kandanda, kambini alikuwa anacheza na mpira wa makaratasi. Mwaka jana kocha wa mpira wa Kimarekani shuleni kwao alimwona akipiga kona, akamwita awe mpiga teke wa timu. Tangu hapo Jumamosi ni jezi nyeusi na njano, macho kwenye TV, Hawkeyes wa Chuo Kikuu cha Iowa. Mimi nikiamka nakaa naye. Namuuliza, "Sasa hapo wamesimama kwa nini?" Ananieleza mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu ananyamaza.

Wiki iliyopita akaniambia, "Baba, twende uwanjani hata mara moja tu. Ukiona kwa macho yako utaelewa." Huyu mtoto si mtu wa kuomba vitu. Nimeweka akiba, inatosha tiketi mbili na chakula cha siku hiyo, basi.

Nichague ya Septemba na timu ndogo, ambayo bei yake ni nafuu, au moja ya zile za konferensi, yaani kundi lao la vyuo? Na shida yangu kubwa ni kazi: ruhusa lazima niombe wiki tatu kabla, lakini ratiba ina tarehe tu, nyingi hazina saa. Halafu mnisaidie, hii konferensi yao inaitwa Big Ten, "Kumi Kubwa", ni kumi gani wakati naona timu 18?

Mzaramo_StPaul

Karibu sana kaka. Jina ni la zamani, lilibaki tu. Chuo cha Penn State walipokubaliwa mwaka 1990 zikawa 11 na hakuna aliyebadilisha, baadaye zikafika 14. Agosti 2024 wakaingia USC, UCLA, Oregon na Washington, ndiyo hizo 18, kutoka bahari hadi bahari.

Ichukulie konferensi kama ligi yenyewe. Mechi za Septemba nyingi ni za kupasha misuli, mnacheza na timu za nje ya konferensi. Za konferensi ni 9, na kila moja ina uzito. Zamani Big Ten iligawanywa mashariki na magharibi, Iowa akishinda magharibi anakwenda fainali Indianapolis. Alifika 2021 akafungwa na Michigan 42-3, akarudi 2023 akafungwa na hao hao 26-0. Sasa mgawanyo umefutwa, wanaokwenda ni wawili wa juu katika 18. Na ni konferensi ngumu kwelikweli: mataji matatu ya taifa mfululizo yametoka humu, Michigan Januari 2024, Ohio State Januari 2025, Indiana Januari 2026.

Kwa hiyo mimi nasema konferensi. Mpeleke aone mechi inayouma.

shangazi_wa_Cedar

Mimi napingana kidogo. Septemba kuna joto, tiketi ni nafuu, na mechi za mwanzo saa zake hutangazwa mapema kabla ya kiangazi kuisha. Mtu wa shifti kama wewe unajua unachoomba. Mtoto wa miaka 15 anataka kukaa na baba yake, hataangalia nani anaongoza msimamo.

Mzaramo_StPaul

Shangazi, huyu si mtoto wa kuangalia tu. Anacheza. Anajua tofauti.

MamaFuraha_Bukavu

Papa, mimi sijui mambo ya konferensi, ila kuna kitu nataka nikuambie kuhusu huo uwanja.

Mwaka 2023 binti yangu alilazwa hospitali ya watoto ya Stead, ile ndefu iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na uwanja wa Kinnick. Alikuwa na miaka sita. Jumamosi moja muuguzi akaja akatuambia tusogee dirishani. Nikasukuma chuma cha dripu kwa mkono mmoja, mwingine nimemshika mtoto. Chini tunaona watu wenye nguo nyeusi na njano kama siafu. Robo ya kwanza ya mchezo ikaisha, na uwanja wote ukatugeukia. Watu karibu elfu sabini, wachezaji wa timu zote mbili, hata waamuzi, wakainua mikono wakatupungia. Binti yangu akaweka viganja viwili kwenye kioo. Akaniuliza, "Mama, wananijua?" Nikamwambia ndiyo.

Wanafanya hivyo kila mechi ya nyumbani tangu 2017. Sasa binti yangu yuko darasa la tatu, mzima, Mungu ni mwema. Papa, mechi yoyote utakayochagua, hakikisha robo ya kwanza inapoisha mmeshakaa, msiwe kwenye foleni ya chakula. Na mkipunga, pungeni kwa mikono yote miwili. Kule juu inaonekana.

ratiba_ni_mimi

Dada Mama Furaha, asante. Nimesoma mara mbili.

Kaka, nikueleze suala la saa. Vituo vya TV vya Fox, CBS na NBC ndio walionunua haki za Big Ten, kwa hiyo wao ndio wanaochagua nani aonyeshwe saa ngapi. Mechi nyingi za Oktoba na Novemba saa yake hutangazwa siku 12 kabla, na wakati mwingine siku 6. Inaweza kuwa saa tano asubuhi, saa nane na nusu mchana au usiku kabisa. Kwa ruhusa ya wiki tatu utakuwa unabahatisha. Ukitaka Jumamosi ya konferensi, omba usiku wa Ijumaa na Jumamosi nzima.

Lakini kuna njia nyingine. Iowa ana wapinzani watatu wa kila mwaka: Minnesota, Wisconsin na Nebraska. Ile ya Nebraska kwa kawaida huchezwa Ijumaa, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani. Wanapokezana uwanja, na 2025 ilichezwa kwao Lincoln, kwa hiyo zamu hii ni ya Iowa City, hapo Kinnick. Waulize kiwandani kama Ijumaa hiyo mnafunga. Mkifunga, hujaomba ruhusa ya mtu na unaona mechi ya konferensi, tena ya majirani wasiopendana.

Mzaramo_StPaul

Hapo umemaliza. Ingawa mimi wa huku Minnesota ningependa aione yetu. Tunashindania nguruwe wa shaba, Floyd of Rosedale. Magavana wa majimbo haya mawili waliwekeana dau la nguruwe wa kweli mwaka 1935, ndiyo chanzo.

shangazi_wa_Cedar

Sawa, nimekubali Nebraska, lakini sikilizeni: mwisho wa Novemba pale ni baridi ya kukata masikio. Viti ni mabenchi ya chuma. Beba blanketi la kukalia na vipande vya boksi mkanyagie, zege linanyonya joto lote la miguu. Soksi mbili. Begi lazima liwe la plastiki la kuona ndani, la kawaida utarudishwa nalo getini. Tiketi inaingia kwenye simu, nunua kwenye tovuti ya chuo, usinunue kwa mtu wa mtandaoni anayekutumia picha.

teke_la_mbali

Niongeze moja. Niliwahi kuwa mpiga teke shuleni, Des Moines. Kaka, ingieni uwanjani mapema, milango ikifunguliwa tu. Wapiga teke ndio hutoka kwanza kupasha, uwanja bado mtupu. Utamwona mtu anapiga mpira ule ule mara ishirini kutoka pale pale. Mchezo ukianza, mtazame pembeni: kuna wavu mdogo, anapiga mpira ndani yake peke yake, halafu anaitwa kwa teke moja la pointi tatu mbele ya watu wote. Ukishaona hilo utaelewa kijana wako anabeba nini.

Kuhusu sheria, shika kitu kimoja. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ule mstari wa njano wa kwenye TV uwanjani haupo, angalia watu wawili wa pembeni wenye fimbo za rangi ya chungwa na mnyororo katikati. Wakisogea mbele, timu imefanikiwa. Mengine muulize mwanao pale pale, atakueleza hata mara kumi.

BabaE_Coralville

Wapendwa, Mungu awabariki. Nimemuuliza msimamizi usiku huu wakati wa mapumziko: Alhamisi na Ijumaa hiyo kiwanda kinafunga. Basi ni Nebraska.

Nimerudi nyumbani saa tisa usiku, nikakuta kijana hajalala. Nikamwambia. Hakuruka, alikaa kitandani akaniuliza tu tutakaa wapi, akasema anataka nyuma ya nguzo za goli ili aone mpira unavyopinda na upepo. Mama Furaha, nimemsomea maneno yako, akauliza binti yako anaitwa nani. Sikuwa na jibu.

Sasa nisaidieni hili: tukikaa nyuma ya nguzo, ni upande gani ambao madirisha ya hospitali yanaonekana vizuri?