Wastaafu wawili, mkataba wa miezi tisa Tanga: tuanzie wapi?

mzee_wa_ramani:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi na mke wangu ni wastaafu, miaka 63 na 61, tunaishi Njombe mjini. Nimepata kazi ya upimaji ardhi Tanga kwa miezi tisa kuanzia mwezi wa pili na tumekubaliana twende wote, kisha turudi nyumbani. Siku za mapumziko tunataka tuijue Tanga na miji ya jirani wakati miguu bado inakubali.

Naomba ushauri. Mkataba wa mtu aliyekwishastaafu uwe na nini? Nyumba tupange vipi ikiwa wenye nyumba wanataka kodi ya mwaka? Mke wangu yuko kwenye dawa za presha na insulini, joto la pwani tulikabili vipi? Na nyumba yetu ya Njombe, yenye miche 40 ya parachichi, tuiacheje?

---

Kalamu ya Mkataba:

Shikamoo mzee. Nianze na mkataba, maana makosa ya hapo huonekana mkataba unapoisha, wakati hakuna tena wa kujadiliana naye.

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema kazi ikikoma mahali pasipo pale ulipoajiriwa, mwajiri akurudishe ulikoajiriwa wewe na mizigo yako, au alipe gharama hiyo, au akupe posho ya usafiri. Posho hiyo kwa kiwango cha chini ni nauli ya basi tu hadi kituo cha karibu na ulikoajiriwa. Kwa hiyo hakikisha kuna sentensi mbili: "Mahali pa kuajiriwa ni Njombe", na "Mwajiri atalipa usafiri wa mwajiriwa, mwenzi wake na mizigo, kwenda na kurudi", pamoja na kiasi cha mizigo kwa kilo. Wengi husaini mkataba wakiwa wameshafika kituo cha kazi, na karatasi inaandikwa kwamba wameajiriwa hapo hapo. Madai ya kurudishwa nyumbani hufia hapo. Usiondoke Njombe kabla hujasaini.

Pili, uliza ni mkataba wa ajira au wa huduma. Kwenye ajira unakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kwa mshahara wa 1,200,000 kodi ni 188,000 kwa mwezi kabla ya kuangalia makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwenye huduma wanazuia asilimia 5, yaani 60,000, na watu hufurahi. Lakini hiyo 5 ni malipo ya awali tu, unabaki na wajibu wa kupeleka ritani (taarifa ya mapato) TRA na kulipa kilichobaki. Tena mtoa huduma hayumo kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kwa mpimaji anayetembea porini na vifaa, akianguka akavunjika mguu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko kodi yenyewe. Mimi ningechagua ajira.

Pensheni yako inaendelea. Angalieni tu tarehe za uhakiki wa wastaafu, na mbebe vitambulisho vya NIDA na vya pensheni, visibaki kabatini Njombe.

---

Chumbageni:

Karibuni sana Tanga, baba. Nyumba msiitafute kwa simu mkiwa Njombe. Fikieni gesti wiki mbili za kwanza na mtembee mitaa kwa miguu. Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, mko karibu na soko na daladala ila pana kelele. Chumbageni na Bombo ni patulivu zaidi, na hospitali ya mkoa iko Bombo, jambo la kuzingatia kwa hali ya mama. Raskazone ni pazuri, upepo wa bahari upo saa zote, lakini kodi iko juu na chumvi ya hewani inakula kila kitu cha chuma.

Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja. Pesa ya kodi usimpe yeye hata akibembeleza. Mlipe mwenye nyumba mkononi mkiwa ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti agonge muhuri. Kuhusu kodi ya mwaka, sema wazi kwamba kazi ni ya miezi tisa, na toa mitatu mara tatu. Akikataa, toa sita kisha mitatu. Anayekataa hata hilo, mwache, nyumba zipo. Andikeni pia kwamba mkiondoka mapema kwa sababu ya kazi kukoma, miezi ambayo haijaanza inarudishwa.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio la LUKU. Nunua umeme wa 5,000 kwa namba ya mita ile na usome ujumbe unaorudi. Kama mita imekaa muda bila kununuliwa, kodi ya jengo imejilimbikiza, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ya chini, na inaweza kumeza karibu pesa yote. Hilo ni deni la mwenye nyumba, likateni kwenye kodi ya pango. Angalia na bei: kwenye T1, kundi la matumizi ya kawaida, uniti moja ni kama 356 pamoja na makato, yaani 10,000 inakupa uniti 28. Kwenye D1, kundi la matumizi madogo, ni kama 122, lakini mwisho uniti 75 kwa mwezi.

Hesabu ya joto ni hii. Feni mbili za wati 70 zikienda saa kumi kila siku ni kama uniti 42 kwa mwezi, yaani 15,000 kwenye T1. Kiyoyozi kidogo kikilala kinawaka saa nane hula uniti 5 hadi 6 kwa usiku mmoja, zaidi ya 50,000 kwa mwezi. Kwa hiyo tafuteni nyumba yenye madirisha pande mbili zinazotazamana, upepo upite. Nyumba ya dirisha upande mmoja, hata ikiwa nzuri kiasi gani, mwezi wa pili na wa tatu haikaliki.

Maji nayo: omba bili ya mwisho uone kama hakuna deni, fungua bomba asubuhi saa kumi na mbili na tena jioni, na uhakikishe tanki lina mfuniko, la sivyo mnafuga mbu.

---

Muuguzi_Pwani:

Shikamoo baba, na mama pia.

Joto hutanua mishipa na jasho hupunguza maji mwilini, hivyo presha hushuka. Kama kwenye dawa za mama kuna ya kukojoza, anaweza kupata kizunguzungu anaposimama. Apime presha mara mbili kwa wiki katika mwezi wenu wa kwanza huku, aandike kwenye daftari, ampelekee daktari. Asipunguze dozi mwenyewe. Kabla ya kuondoka mwombeni daktari wa Njombe dawa za miezi miwili na barua yenye majina halisi ya dawa, si ya kibiashara, kwa sababu duka la huku linaweza kuwa na kampuni nyingine.

Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8, na isigande kamwe: ikiganda, tupa. Iliyofunguliwa nyingi huruhusiwa nje ya friji chini ya nyuzi 30 kwa wiki nne hivi (someni karatasi yake), lakini Tanga mwezi wa pili na wa tatu mchana unapita 30, basi hata hiyo irudi kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu. Ile njia ya vyungu viwili na mchanga mbichi katikati inafanya kazi vizuri sehemu kavu kama Dodoma. Pwani hewa imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, chungu hakipoi vya kutosha. Msiitegemee. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe. Kwenye basi tumieni chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu ikiwa imefungwa kwenye taulo ili isiguse dawa.

Kingine ambacho wengi hawaambiwi: kwenye joto insulini huingia mwilini haraka zaidi. Sukari ikishuka, mtu hutoka jasho na kutetemeka, na pwani kila mtu anatoka jasho, kwa hiyo dalili inajificha. Apime sukari mara nyingi zaidi wiki tatu za kwanza. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha kupima tena baada ya dakika 15.

Malaria msiichukulie poa. Njombe maambukizi ni madogo mno, miili yenu haijaizoea. Chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, hata gesti. Homa yoyote, kipimo siku hiyo hiyo. Malaria ikionekana, dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara moja, vinne yakipita masaa 8, halafu vinne asubuhi na vinne jioni siku mbili zinazofuata, na chakula chenye mafuta kidogo, maana bila mafuta haisharabiwi vizuri. Malizeni vyote hata homa ikishuka.

---

Kipepeo wa Usambara:

Mizigo na njia. Msipite Dar. Njombe, Iringa, Morogoro, laleni hapo karibu na stendi ya Msamvu, kesho yake Chalinze, Segera, Tanga. Kutoka Segera zimebaki kama kilomita 75. Kuunganisha siku moja ni kumwumiza mama bure.

Kitanda, godoro na jiko nunueni Tanga vilivyotumika, mtaviuza mkiondoka. Mablanketi yaacheni, ila sweta mbili mbili bebeni, nitasema kwa nini. Mkitaka kutuma sanduku kubwa, ongeeni na malori ya viazi yanayoshuka pwani. Kurudi ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu lori limeshashusha na dereva anatafuta cha kupakia.

Jumamosi za kwanza kaeni karibu. Mapango ya Amboni ni kama kilomita 8 kaskazini, njia ya Horohoro. Ndani kuna giza, utelezi na mahali pa kuinama sana, basi viatu vyenye meno, tochi moja kila mtu, na mwambieni mwongoza wageni mapema kwamba mnataka njia fupi. Magofu ya Tongoni, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yako njia ya Pangani, na ardhi yake ni tambarare. Nendeni asubuhi, hakuna kivuli cha kutosha. Pangani yenyewe inafaa kulala usiku mmoja: mji wa kale, mto, kivuko cha kwenda Bweni. Samaki nunueni soko la Deep Sea asubuhi, mashua zikirudi.

Ufukweni ulizeni maji kwanza. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ni maji ya bamvu: yanatoka mbali sana kisha yanarudi kwa nguvu. Saa za kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya Jumamosi iliyopita haikufai Jumamosi hii.

Sweta ni za Lushoto. Kutoka Mombo mnapanda kilomita 33 za kona, na jioni kuna baridi ambayo mtaiona ya nyumbani. Mwezi wa nne na wa tano mvua za masika hubomoa kingo za barabara, ahirisheni hadi wa sita. Msitu wa Amani, kupitia Muheza, nako vivyo hivyo.

---

mzee_wa_ramani:

Marahaba wanangu, na asanteni. Limebaki la nyumba ya Njombe.

---

Chumbageni:

Zima swichi kuu, isipokuwa kama mlinzi analala humo, na ufunge koki ya maji barabarani, si ya jikoni tu. Nunua LUKU ya 2,000 kila mwezi hata kama haitumiki, ili 1,500 ya jengo itoke kidogo kidogo. Ukiacha miezi tisa unakuta 13,500 inakungoja gizani. Miche ya parachichi ikiwa ya mwaka mmoja, lita 20 kwa wiki kila mche kuanzia mvua zikikatika, matandazo yasiguse shina kwa sababu linaoza. Mwandikie kijana wa shamba kwenye karatasi na umlipe kila mwezi kwa simu, akishatuma picha za safu zote, si mche mmoja mzuri wa mbele.