Kikundi cha Ukoo: ubao wa masultani wa Zanzibar

Dada Mkubwa, 20:04
Asalaam alaykum. Ubao wa watoto ni Jumapili. Picha ya nilipofikia hiyo hapo juu. Uangalieni leo, si kesho.

Dada Mkubwa, 20:39
Mmesoma wote, kimya.

Bin Ami, 20:52
Waalaykum salaam. Mshale wa Majid kwenda kwa Barghash ufute, umeushusha kama baba na mwana. Hao ndugu. Majid, Barghash, Khalifa, Ali, wote wana wa Seyyid Said, safu moja.

Dada Mkubwa, 20:58
Nshafuta. Miaka waliyokalia kiti nimeiandika: 1856, 1870, 1888, 1890. Ndugu yao Thuwaini nimemweka pembeni, yeye alibaki kutawala Muscat.

Mjomba, 21:01
Pembeni na riale 40,000 kwa mwaka kutoka kwa Majid 😂 Hata mie ningebaki.

Dada Mkubwa, 21:03
Mjomba tafadhali. Khalid bin Barghash aandikwe? Alikaa siku mbili, Agosti 25 mpaka 27, 1896, mizinga ikamtoa.

Mjomba, 21:04
Vita havikufika hata saa nzima. Wali wa nazi haujaiva! Kwani Jumapili nani anapika?

Shangazi Mdogo, 21:05
😂😂 Sambusa niachieni mie

Bin Ami, 21:10
Aandikwe. Baba yake alikuwa sultani. Hamoud aliyewekwa baada yake, baba yake hakutawala hata siku moja.

Dada Mkubwa, 21:12
Waingereza hawakumkubali Khalid.

Bin Ami, 21:12
Kwani tunachora mti wa Waingereza?

Shangazi Mkubwa, 21:47
Naona wanaume watupu. Ndugu yao Salme aliyemwandikia Barghash barua zake mwaka 1859, walipotaka kumtoa Majid, yuko wapi? Matuka je? Kama ule mti wa ukoo wetu wa mwaka juzi.

Dada Mkubwa, 21:49
Shangazi, lile tulishalizungumza.

Shangazi Mkubwa, 21:49
Mlilizungumza nyinyi.

Dada Mkubwa, 21:55
Huu ni wa waliokalia kiti tu. Na karatasi ya manila imejaa, Jamshid, sultani wa mwisho, nusu ya jina lake iko nje.

Babu, 22:20
Wanangu. Khalifa bin Harub ni mjukuu wa Thuwaini. Mkewe ni Matuka binti Hamoud, na Abdullah ni mtoto wao. Jamshid bin Abdullah, nyumba zote mbili, ya Thuwaini na ya Hamoud, zinakutana kwake kwa sababu ya bibi yake huyo. Mkimwacha Matuka, mti una ufa. Na ule wa mwaka juzi uchorwe upya, binti zangu wawemo.

Dada Mkubwa, 22:41
Labeka Babu. Matuka namwandika sasa hivi.

Bin Ami, 22:43
Na Khalid?

Dada Mkubwa, 22:50
Kwa penseli kwanza. Nahitaji manila nyingine kabla ya adhuhuri. Na ule mti wa mwaka juzi nani kauweka?

Mtoto wa Mjomba, 06:31
Ndiyo kwanza naona. Manila ninayo, ya kijani, imekunjika kidogo. Inafaa?